Mandari na Haki ya Anayepika

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wameyarudia kwa karne nyingi, lipo moja linaloonekana jepesi hadi mtu anapojaribu kulijibu, nalo ni hili: mtu anapoweka kazi chini na kwenda kujifurahisha, je, anatumia ruhusa aliyopewa kwa huruma, au anachukua haki yake? Katika pwani ya Afrika Mashariki swali hili huja na uzito wake wakati wa kaskazi, yaani msimu wa joto unaoanza mwezi Desemba na kuendelea hadi masika yanapokaribia, kwa kuwa mwanzo wa msimu huo ndio wakati ambao shule zimefungwa, wafanyakazi wengi wamechukua likizo, na mitaa, madrasa, jumuiya za makanisa na vikundi vya akina mama hupanga mandari. Mandari ni matembezi ya kundi la watu wanaotoka pamoja na chakula chao kwenda ufukweni, shambani au mahali pengine pa wazi ili wapumzike na kufurahi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba pumziko la namna hiyo ni haki ya jamii nzima, na kwamba haki hiyo hupimwa kwa hali ya mtu mmoja ambaye kwa kawaida hasemwi, naye ni yule anayepika.

Mafundisho ya Kiislamu, ambayo yamelea sehemu kubwa ya desturi za pwani, hayakulinyamazia suala hili. Mwanahadithi Muslim amepokea katika kitabu chake cha Sahihi habari ya Handhala, sahaba aliyehofu kuwa amekuwa mnafiki kwa sababu moyo wake ulijaa ukumbusho wa akhera alipokuwa mbele ya Mtume, kisha ukumbusho huo ukafifia alipokuwa nyumbani na mke na watoto wake. Jibu alilopewa lilimtuliza, maana lilimfahamisha kwamba maisha ya muumini yana saa ya hili na saa ya lile. Yeye na mwanahadithi mwenzake Bukhari wamepokea pia kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya idi, na Mtume akamsitiri mkewe, Bi Aisha, kwa shuka yake ili atazame, wala hakuondoka hadi Bi Aisha mwenyewe alipotosheka. Lakini habari iliyo nzito kuliko zote katika mlango huu ni ile ya masahaba wawili, Salman na Abu Dardaa, kwa sababu ndani yake neno linalotumika ni haki. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kuswali usiku bila kupumzika, na Salman, aliyemtembelea, alimlazimisha ale na alale, akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wa nyumbani kwake wana haki juu yake, na Mtume akamsadiki Salman. Wasomaji wengi huipita haraka sehemu ya mwanzo ya habari hiyo, nayo ndiyo yenye ufunguo: Salman hakuligundua kosa kwa kumtazama Abu Dardaa mwenyewe, aliligundua kwa kuyaona mavazi yaliyochakaa ya mkewe, Ummu Dardaa. Uchovu wa nyumba ulisomeka kwa mwanamke wa nyumba.

Wanazuoni wa baadaye walitafuta sababu ya haki hiyo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya Ulumuddin kwamba mchezo huuburudisha moyo na kuupunguzia mzigo wa fikra, akaufananisha na dawa ya uchovu ambayo, kama dawa yoyote, haifai kuzidishwa. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye Mtakatifu Thoma wa Akwino, mtawa Mdominiko aliyefariki mwaka 1274, alifika mahali panapokaribiana na hapo kwa njia yake mwenyewe, aliposema kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, kwamba pumziko lake ni furaha, na kwamba iko fadhila iitwayo eutrapelia, yaani uwezo wa kucheza na kutania kwa kiasi kinachofaa, hata mtu ambaye hachezi kamwe na huwaharibia wengine mchezo wao akahesabiwa kuwa na kasoro ya kimaadili. Msemo wa mitaani wa kazi na dawa, unaotamkwa na seremala anapoweka randa chini ili acheze bao kidogo, umebeba fikra hiyohiyo, ingawa seremala huyo hakuipata vitabuni.

Fikra ya dawa ina ukweli, ila ina upungufu usiofaa kufichwa. Dawa hupewa mgonjwa ili arudi kazini, na ikiwa pumziko ni dawa tu, basi thamani yake yote hutoka katika kazi, na mwenye kazi ndiye anayebaki na mamlaka ya kupima dozi. Tajiri anaweza kuwapumzisha watu wake kwa hesabu ileile anayoitumia kuipumzisha mashine isiungue, na hakuna jambo katika fikra hiyo litakalomzuia. Ndiyo maana ni heri kwamba sheria zimekataa kuliacha pumziko mikononi mwa hesabu hizo: Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linalitaja katika kifungu cha 24, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa siku za kazi zisizopungua 21 zenye malipo.

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani wa karne ya nne kabla ya Kristo, alikwisha kulipindua jambo hili juu chini. Kwake yeye watu hushughulika ili wapate wasaa, wala hawatafuti wasaa ili washughulike zaidi. Wasaa huo, ambao Wayunani waliuita skole, ni wakati ambao mtu huru hufanya yale yanayostahili kufanywa kwa ajili yake yenyewe, kama vile kutafakari, kusikiliza muziki na kukaa na marafiki. Kutokana na neno hilo lilitoka neno la Kilatini la schola, na kutoka huko Kiswahili kikapata shule kwa njia ya Kijerumani, na skuli, linalotumika Zanzibar, kwa njia ya Kiingereza. Kwa hiyo mtoto anayefunga shule mwezi Desemba na kukimbilia baharini anatoka katika nyumba ambayo kwa asili ya jina lake ni nyumba ya wasaa. Fikra hii inalipa pumziko heshima kubwa kuliko ile ya dawa. Hata hivyo Aristotle huyohuyo, katika kitabu chake cha Siasa, anataja bila kusononeka methali ya Wayunani isemayo kwamba mtumwa hana wasaa, na mji wake bora unahitaji wengine wachote maji na kusaga nafaka ili wachache wapate kutafakari. Heshima ya pumziko imejengwa juu ya migongo ambayo haikupumzika, na falsafa haiwezi kuliita hilo jambo dogo.

Jibu la kasoro hiyo liko katika Torati. Amri ya Sabato, yaani siku ya saba ya kuacha kazi, imeandikwa mara mbili, na sababu zinazotolewa hazifanani. Katika Kutoka sura ya 20 sababu ni uumbaji: Mungu alistarehe siku ya saba, na binadamu anamfuata. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 sababu ni utumwa: Waisraeli wanakumbushwa kwamba walikuwa watumwa Misri, na wanaamriwa waache kazi ili mtumwa na mjakazi wao wapumzike vilevile kama wao. Amri inawataja kwa majina ya kazi zao, inamtaja mgeni aliye ndani ya malango, kisha inashuka hadi kwa ng'ombe na punda. Mtu wa Lamu, ambako punda hubeba mawe, mchanga na maji katika vichochoro visivyopitika kwa gari, anaielewa amri hiyo bila mfasiri. Na mtu wa Unguja, ambako utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897 tu, hana budi kuisoma kwa makini zaidi, kwa sababu kumbukumbu inayotajwa humo ni ya kwao pia.

Inafaa kusemwa wazi kwamba Uislamu hauna Sabato ya namna hiyo, kwa kuwa Qurani, katika sura ya 62, inawaita waumini kuiacha biashara wakati wa swala ya Ijumaa, kisha inawaruhusu watawanyike kutafuta riziki. Lakini sheria yake ya sikukuu inafika palepale kwa mlango mwingine. Zakatul-fitri, yaani sadaka ya lazima ya kumalizia Ramadhani, ambayo ni vibaba vinne vya nafaka kwa kila mtu wa nyumba, hutakiwa itolewe kabla ya swala ya idi, ili maskini asiamke siku hiyo na bakuli la kuombea. Furaha ya wenye nacho haifunguliwi mpaka fungu la asiye nacho limetoka. Huo ni utaratibu wa kisheria wenye wakati maalumu, na anayeuchelewesha hadi baada ya swala bila udhuru huhesabiwa kuwa ametoa sadaka ya kawaida tu.

Mandari yenyewe sasa yatazamwe kwa karibu. Kabla ya adhana ya alfajiri mama wa nyumba, au msichana wa kazi, amekwisha kukaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Mchele umechaguliwa tangu usiku, vitunguu vya pilau vimekaangwa hadi vikawa rangi ya hudhurungi, na sufuria imefungwa kwa shuka nzito isipoe. Chupa za chai, majamvi, ndoo ya maji ya kunawia na mfuko wa sahani vimepangwa mlangoni wakati daladala iliyokodiwa inapoanza kupiga honi. Ufukweni, maji yakiwa yamekupwa, wanaume na vijana wanacheza mpira juu ya mchanga ulioshikamana, watoto wanaelea juu ya mipira ya ndani ya magurudumu ya gari, na wasichana wanafukuzana ukingoni mwa mawimbi. Aliyepika ameketi chini ya mvinje, katikati ya viatu, simu na mabegi ya watu wote, akiwafukuza kunguru wasilifikie pilau. Anapakua, anagawa, anasubiri, anakusanya sahani, kisha anazisugua sufuria kwa mchanga. Jioni nguo za wote zimelowa isipokuwa zake, na siku iliyoitwa ya mapumziko kwake imekuwa siku ya kazi iliyohamishiwa mahali penye upepo.

Wapo watakaojibu kwamba mama huyo anafurahi kuona wanawe wakifurahi, na kwamba kuhudumia watu ni ibada. Jibu hilo lisidharauliwe, kwa sababu limesemwa na akina mama wenyewe, na huduma inayotolewa kwa hiari ni miongoni mwa mambo matukufu anayoweza kuyatenda binadamu. Lakini hiari hujulikana pale ambapo lipo chaguo la pili, na mtu ambaye hajawahi kuulizwa kama angependa kuingia majini hawezi kuhesabiwa kuwa amechagua kubaki mchangani. Kwa msichana wa kazi jibu hilo halisimami kabisa: yeye ameajiriwa, na Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani, unataka apate kila wiki pumziko lisilopungua saa 24 mfululizo. Kumpeleka ufukweni akabebe mtoto wa mwajiri si kumpa pumziko hilo. Ama wale wanaoyalaumu mandari kwa israfu na fujo, lawama yao inahusu namna ya kuyaendesha, nayo hurekebishwa kwa adabu ya kawaida.

Desturi za pwani zenyewe zinaonyesha kwamba pumziko la watu wote linawezekana. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwezi Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa, yaani kuoga mwaka, sikukuu ya mwaka mpya inayofuata hesabu ya kale ya Nairuzi yenye asili ya Uajemi. Vijana wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba ili chuki za mwaka uliopita zitoke hadharani na kwisha, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huvaa nguo mpya na kupita wakiimba, na nyumba isiyopata mgeni wa kula naye siku hiyo huhesabiwa kuwa imekosa baraka. Wenye kusema mgeni njoo mwenyeji apone wameliweka hilo katika kalenda. Mahali napo pana sehemu yake: Bustani ya Forodhani ya Unguja iliyokarabatiwa mwaka 2009 na eneo la Mama Ngina la Mombasa lililofunguliwa upya mwaka 2019 ni mali ya umma inayotazama bahari, na kwa Tanzania Bara Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kila kichochoro cha kuteremkia baharini kinachozibwa kwa ukuta huongeza nauli ya mandari, na familia yenye nauli pungufu humwacha nyumbani yule yule anayeachwa siku zote.

Kamati zinazopanga mandari ya Desemba ijayo, ziwe za madrasa, za jumuiya ya kanisa au za mtaa, zinaombwa zifanye mambo ambayo hayana gharama kubwa. Wanaume wa pwani hupika masufuria makubwa ya pilau na biriani katika khitma na harusi, kwa hiyo kupika wanakujua; basi nao wapewe zamu ya kupika. Sahani ziwe na zamu ya kuoshwa na viatu viwe na zamu ya kulindwa. Msichana wa kazi alipwe siku yake kisha aachwe huru nayo. Na katika orodha ya watakaoingia majini, jina la aliyepika liandikwe la kwanza.