Salamu Darajani pa Niemba



Kila tunapofundisha amri ya tano huulizwa swali lile lile: askari aliyekufa vitani, je, amekufa vema? Wengine husema ndiyo, maana alimtii mkubwa wake. Wengine husema hapana, maana alishika bunduki, na mwenye kushika bunduki yu tayari kuua. Majibu hayo yote mawili ni ya haraka mno. Yafaa kwanza tumtazame askari mmoja, naye alikufa katika nchi hii yetu ya Katanga.

Jina lake lilikuwa Anthony Browne, kijana wa mji wa Dublin katika Ireland. Nchi hiyo ya Ulaya ina Wakatoliki wengi, wala haikuwa na koloni katika Afrika; yenyewe ilitawaliwa na Waingereza karne nyingi. Mwaka 1960 Kongo ilipata uhuru, na tarehe 11 Julai mwaka huo huo Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Umoja wa Mataifa ukaleta askari wa nchi nyingi, na Browne alikuwa mmoja wao. Hakuja kuteka nchi wala kutafuta shaba. Amri waliyopewa ilikuwa kulinda amani, na kutumia silaha kwa kujitetea tu.

Lakini Baluba wa kaskazini ya Katanga hawakumtaka Tshombe. Askari wake wa jandarmeri, wakiwa na maafisa Wazungu, walikwenda huko wakachoma vijiji. Wanavijiji waliokimbilia porini waliona nini? Waliona nguo za kijeshi, magari, bunduki na nyuso nyeupe. Nani angewaambia kwamba Mzungu huyu si yule?

Tarehe 8 Novemba 1960, askari 11 wa Ireland wakiongozwa na Luteni Kevin Gleeson walitoka katika kambi yao ya Niemba, upande wa Albertville, mji uitwao leo Kalemie. Walikwenda kufungua njia iliyozibwa. Walipofika kwenye mto Luweyeye walikuta daraja limevunjwa, na watu wengi wakatokea msituni wenye pinde, marungu na mapanga. Yasimuliwa kwamba Luteni aliinua mkono, akawasalimu kwa lugha yetu hii: Jambo! Akajibiwa kwa mishale. Askari 9 waliuawa, wakaokoka 2 tu. Nao Baluba wengine walikufa hapo, kwa risasi za wale waliokuwa wakijitetea.

Tukae kidogo hapo penye salamu. Nimewasikia watu wazima wakisema kwamba mkuu yule alikuwa mjinga. Mwenye bunduki, wasema, na apige kwanza, asalimu baadaye. Fikirini basi maana ya maneno hayo. Yasema kwamba mtu aweza kuuawa kwa ajili ya tendo ambalo bado hajalitenda. Kanisa halifundishi hivyo. Mtu aweza kulinda uhai wake na wa wenziwe, hata kwa silaha ikiwa hakuna njia nyingine. Lakini haruhusiwi kumwua mtu kwa sababu tu anamwogopa. Bunduki haiondoi amri ya Mungu mikononi mwa askari. Hata wale askari waliomwendea Yohani Mbatizaji hawakuambiwa watupe silaha. Waliambiwa wasimwonee mtu, wasimsingizie, tena watosheke na mshahara wao. (Habari ya mshahara msiidharau. Nchi yetu imeonja vya kutosha uchungu wa askari wasiolipwa.) Luteni yule alitii amri ya kutoanza yeye, akalipa kwa damu. Mimi sioni ujinga hapo.

Sasa, vipi juu ya waliowaua? Hawakuwa wanyama. Nyumba zao zilichomwa na ndugu zao waliuawa, nao walikuwa na haki ya kujilinda na wachomaji. Lakini wale waliosimama darajani hawakuchoma nyumba. Dhambi ya mtu mmoja iliwekwa juu ya kichwa cha mwingine kwa sababu ya nguo yake na rangi yake. Mnajua kwamba ili dhambi iwe ya mauti sharti mtu ajue na atake. Wengi siku ile hawakujua; wao tumwachie Mungu, hakimu wa haki. Lakini kuna kutojua kwa mtu asiyepata habari, tena kuna kutojua kwa mtu asiyetaka kuipata, na huyu wa pili hawezi kujificha nyuma ya yule wa kwanza.

Wala sisi wa Mashamba tusiseme kwamba hayo ni mambo ya mbali. Mwezi wa Mei 1978, wapiganaji waliotoka Angola walipouteka mji wa Kolwezi, waliuawa Wazungu na watu weusi vilevile, wengi wao kwa vile tu walivyodhaniwa kuwa. Tena mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, hapa Kolwezi na kule Likasi, wakalala penye vituo vya reli pamoja na watoto wao wakingoja gari la moshi, na wengi walifia njiani. Mtoto aliyezaliwa Kolwezi, asiyeijua Kasai hata kwa macho, alikuwa amekosa nini? Alidaiwa deni la watu asiowajua. Yuko mmoja tu aliyejitwika dhambi za wengine, naye alijitwika kwa hiari yake. Hakumpa mtu yeyote ruhusa ya kumtwika jirani.

Turudi kwa Browne. Wenzake walizikwa Dublin tarehe 22 Novemba 1960 mbele ya umati mkubwa sana, lakini mwili wake haukuwamo. Ulipatikana baada ya miaka miwili, Novemba 1962. Jeshi la nchi yake lilimpa nishani kubwa ya ushujaa, naye ndiye wa kwanza kuipata. Lilisema kwamba aliweza kukimbia, lakini akabaki na kupiga risasi ili adui wamgeukie yeye na mwenzake aliyejeruhiwa apate kutoroka. Baadaye habari hiyo ilibishaniwa huko huko Ireland.

Je, yeye ni shahidi wa dini? Hapana. Kanisa huliweka jina hilo kwa mtu aliyeuawa kwa chuki ya imani, au kwa fadhila itokayo katika imani, kama Mwenye Heri Anuarite aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Kifo cha askari ni kingine. Ikiwa Browne alibaki kwa ajili ya rafiki yake, basi alitenda lile pendo ambalo Bwana wetu Yezu Kristu, katika karamu ya mwisho, alisema hakuna kubwa kulipita. Na ikiwa alikimbia akafa peke yake porini, hakutenda dhambi, maana kukimbia mauti si kosa. Mungu alimwona.

Mwezi wa Novemba mnapompelekea Padre majina ya marehemu wa kuombewa katika Misa, waandikeni Anthony, Kevin na wenzao saba. Majina ya Baluba walioanguka penye daraja lile hatunayo. Waandikeni vivyo hivyo bila majina.