Mavuno ya Shamba la Shule ni ya Nani?

Angalieni mfano huu, ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo. Katika milima iliyo juu ya Ziwa Kivu, nyuma ya shule ya misioni, kuna shamba dogo la maharagwe na lengalenga. Watoto wa mwaka wa nne wamelilima tangu Septemba. Wameteka maji, wameng'oa magugu. Jioni moja mtoto mmoja aonekana akichuma maharagwe na kuyaficha ndani ya shati lake. Mwalimu amkamata. Kesho yake mtoto asimamishwa mbele ya wenzake, mwalimu auliza Amri ya saba ya Mungu ni ipi, na darasa zima lajibu kwa sauti moja, maana wote waijua kwa moyo. Kisha mtoto apewa adhabu: alime matuta mawili peke yake.

Watu wengi wataisifu hukumu hiyo. Lakini yafaa kuichungulia vizuri, kwa sababu ina makosa mawili, na kosa la pili ni zito kuliko la kwanza.

Kosa la kwanza ni kulifanya jembe kuwa fimbo. Katika Kitabu cha Mwanzo, Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza, na hapo Adamu alikuwa hajatenda dhambi. Miiba na jasho vilikuja baada ya dhambi. Kazi yenyewe ilikuwapo kabla. Basi mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa kulima afundisha, bila kutaka, kwamba kulima ni laana, na kwamba mwenye akili ni yule aliyelikimbia jembe. Tena Kongo fundisho hilo lina mizizi mirefu. Kuanzia mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao iliyoyataka yenyewe, kama pamba, kwa siku 60 kila mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zikafika 120. Waliokataa walifungwa. Wajukuu wao wakisema leo, «Nilimpeleka mtoto kusoma, sikumpeleka kulima», wasidhaniwe kuwa wavivu. Wanakumbuka jembe ambalo mavuno yake yalikwenda kwa mwingine.

Na hilo ndilo kosa la pili. Mwalimu alimwita mtoto mwizi kabla ya kuuliza maharagwe yale yalikuwa ya nani.

Katika shule nyingine mavuno huuzwa ili kununua chaki. Katika nyingine huenda nyumbani kwa mwalimu, au huwekwa kwa ajili ya wageni wa sikukuu. Watoto waliolima huona moshi tu. Lakini Sheria ya Musa ilikataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, na Mtakatifu Paulo alikumbusha sheria hiyo alipotaka kuonyesha kwamba mfanyakazi ana haki juu ya kazi yake. Ikiwa ng'ombe ana haki hiyo, mtoto aliyebatizwa, au anayengojea kubatizwa, hataikosa. Watoto hufundishwa ubaoni kwamba maharagwe hujenga mwili, kisha hukatazwa kuyaonja. Wanajifunza nini hapo? Wanajifunza kwamba maneno ya ubaoni ni ya mtihani, na chakula ni cha wakubwa.

Mtu aweza kujibu: Hata hivyo mtoto alificha. Ni kweli. Sheria ile ile ya Musa ilimruhusu mpita njia kula zabibu za jirani mpaka ashibe, ila asitie katika chombo chake. Mtoto huyu hakula, alibeba. Lazima basi kuuliza alikuwa akimbebea nani. Tuseme nyumbani ana mdogo wake wa miaka miwili, ambaye miguu yake imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, na hataki tena kucheza. Kivu ugonjwa huo huitwa bwaki. Waganga huuita kwashiorkor, jina lililotoka Ghana na kuandikwa na daktari Cicely Williams mwaka 1935. Katika lugha ya huko lamhusu mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mwingine amezaliwa. Mtoto wa namna hiyo aweza kushibishwa ugali wa muhogo kila siku na bado akadhoofika, kwa sababu muhogo hutia nguvu, lakini una kidogo sana cha kuujenga mwili. Angehitaji maharagwe, karanga, ndagala, yai, maziwa. Vijiji vingine humtafuta mchawi, na mara nyingi mjane fulani hulaumiwa bure.

Mtakatifu Toma wa Akwino alilichunguza jambo hili. Alifundisha kwamba mali ya dunia Mungu aliiweka ili watu wote wapate riziki. Na uhitaji ukiwa wazi na wa haraka, wala hakuna njia nyingine, anayechukua kitu cha mwingine ili aokoe uhai, hata uhai wa jirani yake, hatendi wizi. Wavivu wasilifurahie neno hilo. Njaa ya kawaida kabla ya chakula cha jioni si uhitaji huo, na mwenye kuweza kuomba hana budi kuomba kwanza. Lakini mtoto ataomba kwa nani, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuomba akapewa?

Dawa ni chungu. Shamba lisilo na chungu ni nusu ya somo. Watoto wapike walichokilima, wavulana na wasichana pamoja, angalau mara moja kwa juma. Wajue kwamba sombe hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu, kwamba mawese mekundu husaidia macho, kwamba maharagwe yakiliwa pamoja na mahindi hujenga mwili kuliko kila kimoja peke yake. Wajue hasa kwamba muhogo mchungu huloweshwa siku tatu au zaidi, kwa kuwa una sumu. Huko Kwango, daktari Trolli alieleza mwaka 1938 ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla. Leo yajulikana kwamba huwapata wanaokula muhogo usiotayarishwa vizuri, hasa wanapokosa vyakula vingine vya kujenga mwili. Hapo tena mchawi hana kosa. Ni mama aliyeharakisha kwa sababu ya njaa.

Wavulana watasema chungu ni cha wanawake. Waambiwe kwamba Bwana Yesu, baada ya kufufuka, aliwatayarishia mitume wake samaki juu ya moto wa makaa kando ya ziwa.

Yabaki shida ya mwalimu. Naye ana watoto, mshahara wake hukawia, na wako walimu ambao Serikali haijawalipa bado, ingawa tangu mwaka 2019 ilitangaza kwamba shule ya msingi ni bure. Dai lake ni la haki kabisa. Lakini mdaiwa wake si mwanafunzi. Wazazi wakitaka kumsaidia, wamsaidie waziwazi, kwa kikapu kilichopimwa mbele ya wote, wala si kwa shamba lililolimwa na watoto wao huku wakidanganywa kwamba ni somo.

Basi siku ya kuvuna, mbegu za mwaka ujao zitengwe kwanza. Chungu cha pili ni cha waliolima. Sehemu nyingine ipelekwe kwenye nyumba zenye mtoto wa bwaki, bila kungoja mtu aje usiku. Kinachobaki kiuzwe kwa ajili ya chaki, na hesabu isomwe mbele ya wazazi.

Na yule aliyekataa kulima? Mtakatifu Paulo alisema asile asiyetaka kufanya kazi; hakusema hivyo juu ya asiyeweza. Mwalimu achunguze kama mtoto ni mgonjwa, au kama mama yake humchelewesha nyumbani alee mdogo wake. Akionekana ni mkaidi tu, apewe kuni azipasue, au mwiko akoroge, kisha aketi ale pamoja na wenzake.