WAZO LA LEO: Tupa, Kisha Nyamaza

Anayeanza kucheza poka huogopa kuonekana mwoga, basi kila dau analilipia. Hapo ndipo anapofilisika. Tuseme mezani pana shilingi 10,000, na mpinzani wako anaweka 5,000 juu yake. Ukijumlisha za mkononi na za mezani una kopa nne, unaisaka ya tano, na imebaki karata moja tu kufunuliwa. Kati ya karata 46 usizoziona, kopa ni 9: nafasi yako haifiki asilimia 20. Lakini kutoa 5,000 ukiwania 15,000 kunakulipa iwapo utashinda walau mara moja katika kila nne. Tupa. (Mwenye kodi ya nyumba mfukoni hata asikae.)

Ukishatupa, funga mdomo. Ukiguna kopa inapotokea, umewafichulia siri wanaoendelea kugombea fungu ambalo si lako tena. Usitupe kabla ya zamu yako pia. Unampa faida atakayecheza baadaye. Na ukijua umeshinda, laza karata zako papo hapo. Anayezichelewesha makusudi ili mwenzake aanze kushangilia, kisha amkate maini, hata wacheza kamari wakongwe hawampendi.