Mwenye kuvutwa naye ana wajibu

Mtu aonaye motokari ikivuta motokari nyingine njiani hudhani kwamba kazi yote ni ya ile iliyo mbele. Ile ya mbele yanguruma, yatoa moshi, yatumia mafuta. Ile ya nyuma imenyamaza, yafuata tu kama mbuzi aliyefungwa kamba. Lakini waliopata kuketi katika ile ya nyuma wanajua kwamba sivyo. Motere yake imekufa, lakini usukani ungali mikononi mwa mtu, na freni ingali chini ya mguu wake. Kamba ikilegea kisha ikakazika kwa ghafula, hukatika. Kwa hiyo ni juu ya mwenye kuvutwa kushika freni kidogo kidogo ili kamba ikae imenyoka. Na katika mteremko ni yeye anayezuia chuma chake kisimgonge yule anayemsaidia.

Katika jambo hilo dogo la barabarani latoka swali kubwa: mtu anayesaidiwa ana wajibu gani kwake yeye amsaidiaye? Wengi wamefundishwa wajibu wa mwenye kutoa. Ni wachache waliofundishwa wajibu wa mwenye kupokea.

Uangaliwe mfano huu. Mchuuzi mmoja wa samaki, mkaaji wa bandari ya Moba kando ya Ziwa Tanganyika, alinunua Land Rover ya zamani katika nyanda za juu za Marungu, upande wa Pepa. Motokari za namna hiyo zilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, nazo zilisifiwa kwa kupita mahali ambapo nyingine zilikwama. Hii ilikuwa imekaa muda mrefu chini ya mikaratusi. Motere haikuwaka tena, bali mwili wake na magurudumu vilikuwa vizima. Yule mtu alitoa fedha zote za akiba yake, kisha akamwomba shemeji yake, mwenye kamiyoneti, amsaidie kuikokota mpaka nyumbani.

Kabla ya kuondoka walifanya yaliyopasa. Walifunga kamba nene kwenye fremu ya chini iliyo imara. Walitundika kitambaa chekundu katikati ya kamba, ili wapita njia waione. Waliweka gia katikati, ili magurudumu yazunguke bila kuzungusha viungo vya ndani. Jambo moja tu mwenye Land Rover hakulisema. Mafuta ya freni yalikuwa yamevuja, na kanyagio lilizama mpaka chini bila kushika kitu. Alibaki na freni ya mkono peke yake, ambayo katika Land Rover za zamani haishiki magurudumu yenyewe, bali hushika mhimili uendao kwenye magurudumu ya nyuma. Penye tambarare, kwa mwendo wa polepole, ilitosha.

Jioni walifika Kirungu, penye misioni iliyoanzishwa mwaka 1893, juu ya nchi iliyoinuka. Kutoka hapo barabara inateremka mpaka ziwani. Yule shemeji alisimamisha kamiyoneti, akashuka, akamwendea mwenzake dirishani, akauliza: "Shemeji, sasa tunaingia mteremko. Freni yako inashika?"

Mwenye Land Rover alinyamaza kidogo. Moyoni alihesabu: "Nikisema haishiki, atafungua kamba na kwenda zake. Usiku wezi watang'oa magurudumu. Fedha yangu yote imepotea." Akajibu: "Inashika. Inashika kidogo."

Neno hilo si uongo mtupu, kwa kuwa freni ya mkono ilishika kidogo. Lakini halikusemwa ili mwenzake ajue. Lilisemwa ili asijue. Na neno la kweli lililochaguliwa kwa kusudi la kuficha kweli ni ndugu wa uongo.

Pengine mtu atamtetea na kusema: "Huyu ni maskini, je, apoteze mali yake yote kwa neno moja? Tena yule wa mbele alikuwa na macho. Kwa nini hakuikagua freni mwenyewe?"

Jibu ni hili. Ni kweli kwamba hofu hupunguza hatia ya mtu, na Ekleziya haikusahau kamwe kufundisha hivyo. Lakini itazamwe ni kitu gani alichonyang'anywa yule wa mbele. Hakunyang'anywa fedha. Alinyang'anywa hiari yake. Mwenye kusaidia ana haki ya kujua uzito wa mzigo anaoupokea. Akijua hatari na kuikubali, huo ni upendo, nao ni wake. Akifichwa hatari, si upendo wake unaomtia hatarini, bali ni hila ya mwingine. Yule afichaye amemfanya ndugu yake kuwa chombo, kama ile ndoano inayoshika kamba. Tena kwa nini alaumiwe mtu kwa kutokagua, ikiwa alimwuliza shemeji yake na kuliamini jibu lake? Kumwamini ndugu si uzembe.

Mtume Paulo, katika sura ya sita ya barua yake kwa Wagalata, anafundisha mambo mawili yaliyo karibu sana: kwamba Wakristu wasaidiane kuchukua mizigo, na kwamba kila mtu ana mzigo wake utakaokuwa juu yake mwenyewe. Asomaye kwa haraka hudhani maneno hayo yanapingana. Hayapingani. Motere iliyokufa ni mzigo ambao mwingine aweza kuuvuta. Kusema kweli ni mzigo usiovutwa na mtu mwingine yeyote, hata awe na nguvu nyingi namna gani.

Hata katika mambo ya roho ndivyo ilivyo. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1547 kwamba neema ya Mungu humtangulia mtu, naye mtu huikubali na kushirikiana nayo kwa hiari, tena aweza kuikataa. Mungu havuti roho ya mtu kama avutavyo mtu gogo msituni. Mkristu aendaye kwenye kitubio na kuficha kwa makusudi dhambi yake kubwa anasema kama yule mchuuzi: "Inashika kidogo." Padri hawezi kumfungua katika jambo asilolileta.

Lakini haifai kumwacha yule wa mbele bila fundisho. Kwa nini shemeji yake alimwogopa? Pengine aliwahi kuona watu walioachwa njiani kwa sababu walisema kweli, na wengine waliofika kwa sababu walinyamaza. Msaidizi mwenye ukali huwafundisha watu uongo bila kufungua kinywa. Anayetaka kuambiwa kweli sharti ajulikane kuwa mtu asiyemwacha mwenye kuisema. Ukali wake hauufanyi uongo wa mwenzake kuwa halali. Lakini siku ya hukumu kila mmoja ataulizwa fungu lake.

Basi, yule shemeji alikuwa amekwisha kurudi mahali pake na kuwasha motere. Ndipo mwenye Land Rover aliposhuka mbio, akaupiga mlango wa kamiyoneti kwa kiganja, akasema: "Shemeji, zima. Nilikuficha. Freni imekufa tangu Pepa."

Yule mwingine alikasirika sana. "Njia yote hiyo ulikuwa nyuma ya mgongo wangu namna hii? Ungewaambia nini watoto wa dada yako?" Mchuuzi hakuwa na jibu. Kisha yule shemeji alitafuta mawe, akayaweka chini ya magurudumu ya Land Rover, wala hakufungua kamba mpaka alipopata kiwanja cha kuilaza.

Kweli hiyo haikuwa ya bure. Walikaa siku mbili. Mchuuzi alikopa fedha ya kununua bomba na mafuta ya freni na kumlipa fundi. Siku ya tatu waliteremka polepole, kamba imenyoka, mpaka ziwani. Watu wa bandarini walitazama tu motokari mbili zikipita, moja ikivuta nyingine, wala hawakuona jambo la ajabu.

Wazazi na walimu huwafundisha watoto kusema asante, nao wafanya vema. Wawafundishe pia kwamba shukrani haianzi mwisho wa safari. Huanza kabla kamba haijafungwa, pale mwenye shida anapomwambia msaidizi wake ubovu wote anaoujua.