Kiraka Asichokisema Muuzaji



Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, gari kuukuu aghlabu lina historia ndefu kuliko mwenye nalo anavyoijua. Chukua mfano wa Land Rover ya muundo wa Series III, ambayo ilitengenezwa kati ya 1971 na 1985. Gari kama hilo huenda lilianza kwa idara ya serikali au misheni, likanunuliwa na mfanyabiashara, naye akamwuzia mwalimu, na mwalimu akamwuzia mkulima wa ndizi. Kila mkono umeacha alama yake. Funua boneti utazame: rejeta imezibwa kwa gundi, temostati imeng'olewa, na mahali pa fyuzi pamewekwa kipande cha waya. Chini, tangi linalovuja limesuguliwa sabuni ya mche, na springi iliyovunjika imefungwa kwa vipande vya mpira wa tyubu.

Wako watu wakiona hayo hucheka na kusema fundi huyo alikuwa mjinga. Mimi siwaungi mkono. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 Tanzania ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na spea ilikuwa kitu cha kutafutwa kwa miezi. Mtu aliyeharibikiwa Lusahunga au Nyakahura hakuwa na duka la kukimbilia. Tena mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na katika miaka iliyofuata ujambazi wa silaha ulizidi njiani. Kulala na gari bovu katika mapori ya Burigi kulikuwa ni kuhatarisha roho. Aliyefunga bomba kwa mpira wa tyubu usiku ule, akamfikisha mgonjwa hospitali ya Murgwanza, alifanya jambo jema, na kiraka chake kinastahili heshima.

Basi ubaya unaingia wapi?

Hebu tuangalie kiraka kimoja tu, nacho ni cha breki. Katika magari mengi ya zamani mafuta ya breki hupita katika njia moja kwenda magurudumu yote manne. Silinda ya gurudumu moja ikivuja, pedali huzama na breki zote hupotea. Fundi wa porini hulikata bomba la gurudumu lile, akalikunja na kulipondaponda kwa nyundo mpaka lisipitishe tone. Gurudumu hilo halina breki tena, lakini matatu yaliyobaki yameokoka. Huo ni ufundi, wala si ujinga. Mwenye gari anajua alichofanyiwa: anaendesha taratibu, na akikanyaga breki anajua gari litavutwa upande mmoja, kwa hiyo anaushika usukani mapema. Kiraka kiko nusu katika bomba na nusu katika kichwa cha dereva.

Miezi sita ikapita, spea haikununuliwa, na gari likauzwa. Mnunuzi amechukua chuma, na ile nusu ya pili imebaki kwa muuzaji. Siku mnunuzi atakapokanyaga kwa nguvu katika mteremko wa Rusumo, barabara ikiwa na tope na lori likipanda, ndipo atakapojua.

Muuzaji ana jawabu lake: "Nilimwambia nauza kama lilivyo. Macho anayo." Na sheria ya nchi haiko mbali naye. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imefuata sheria ya Kiingereza ya 1893, na asili yake ni kwamba mnunuzi ajiangalie mwenyewe, hasa anaponunua kwa mtu asiyekuwa mfanyabiashara wa vitu hivyo.

Lakini sisi tuna hukumu nyingine, nayo ni ya ndani zaidi. Wengi tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni Madina, vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenye chakula akaeleza kwamba kilinyeshewa. Tazama jambo hili, msomaji: mvua haikuwa kosa lake, wala hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa, watu wakakiona.

Ama ile kauli ya "kama lilivyo", mafaqihi wameijadili zamani. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu mashuhuri katika madhehebu yetu ya Kishafii, ametaja kwamba sharti la kujivua na lawama humwokoa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, basi. Mnyama amepewa nafasi hiyo kwa kuwa hali yake hubadilika naye akiwa anakula, na maradhi yake yamefichika hata kwa mwenyewe. Gari si mnyama. Bomba lile halikujikunja. Lilikunjwa na mkono, kwa malipo, mwenyewe akiwa amesimama hapo na tochi.

Abdullahi bin Umar (r.a.) aliwahi kumwuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kama hilo. (Zama zile watu waliuzwa, tunachokitaka hapa ni hukumu.) Mnunuzi akalalamika kwamba ana maradhi asiyoambiwa. Khalifa Uthman (r.a.) akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuyajua. Akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Baadaye akapona, akauzwa kwa dirhamu 1500. Sasa mwulize muuzaji wetu wa Land Rover kama ataapa.

Huenda akasema kweli kwamba hajui, kwa sababu naye alinunua kiraka bila kuambiwa. Huyo hana dhambi ya kuficha, lakini mnunuzi bado ana haki ya kulirudisha gari mara aijuapo aibu, maadamu ilikuwapo kabla ya mauzo.

Na fundi je? Yeye ndiye anayejua kuliko wote, naye ndiye anayenyamaza kuliko wote, akisema biashara ile si yake na hataki kumpoteza mteja. Abu Is-haq Ash-Shirazi na wenzake wa Kishafii wamesema kwamba hata asiye mwenye mali, akiijua aibu, inampasa kumweleza anayetaka kununua. Najua ni jambo zito katika mji mdogo kama Ngara, ambako mafundi wanajulikana kwa majina na muuzaji ni jirani. Kwa hiyo naona bora fundi amalize kazi hiyo siku ile ile ya kiraka, kabla hajatokea mnunuzi wala bei. Bomba alilolikunja alipake rangi nyekundu. Kisha mwenye gari awe na daftari dogo linalokaa pamoja na kadi ya gari, iandikwe humo tarehe, mahali, kilichofungwa na sababu yake. Gari likiuzwa, daftari liende pamoja na kadi.