Jamaa Aliyetaka Shamba Bila Mjane

JUMANNE

Soma Ruthu 4:1–10. Jamaa wa karibu alikubali nini kwanza? Ni jambo gani lililomfanya abadili nia?

Naomi alirudi Bethlehemu bila mume na bila wanawe wawili, lakini shamba la Elimeleki lilikuwapo. Boazi alipolitaja langoni, mbele ya wazee kumi, jamaa aliyekuwa wa karibu zaidi hakusita: atalinunua. Ndipo Boazi akaongeza kwamba shamba hilo linakwenda pamoja na Ruthu, ili jina la marehemu lidumu katika urithi wake. Mtu yule akarudi nyuma, akihofu kuuharibu urithi wake mwenyewe. Kwa hesabu ya fedha hakukosea. Angelipa, angelima, na mwishowe shamba lingemwendea mtoto wa jina la mtu mwingine.

Torati ilimtaka jamaa wa karibu aikomboe ardhi ya ndugu yake aliyeishiwa (Mambo ya Walawi 25:25). Ilimtaka pia ndugu wa marehemu asiyeacha mwana alisimamishe jina lake (Kumbukumbu la Torati 25:5–10). Boazi hakuwa ndugu wa tumbo moja na Maloni, hivyo sheria hii ya pili haikumbana. Alijifunga mwenyewe. Tena angalia Ruthu 3:9: ni Ruthu aliyeomba. Hakuna kikao kilichomgawa.

Hapa ndipo wanaotumia kisa hiki kutetea kurithi wajane wanapopotoka. Boazi alimchukua mjane na kumlindia shamba, ilhali mara nyingi kwetu ukoo huchukua shamba, na mjane huambiwa ama arithiwe pamoja nalo ama arudi kwao.

Kuanzia kata ya Ramadhani pale Njombe mjini hadi Makambako, ardhi ina thamani: miti ya mbao, maparachichi, viazi. Miti ya mbao huchukua miaka mingi kukomaa. Mume anaweza kufariki kabla haijakatwa, na mke aliyebeba miche na kupalilia akaelezwa kwamba ile ni mali ya ukoo. Jambo hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na zaidi mkoani Njombe wanaishi na VVU, wakati kwa Tanzania nzima ni asilimia 4.4. Siku hizi dawa zinaokoa maisha ya wengi, lakini miaka kabla ya dawa hizo kuenea iliacha wajane vijana, na bibi wanaolea wajukuu. Kumrithi mjane bila hata kupima ni kuongeza makaburi.

Sheria zetu nazo zinavutana. Tangazo la Sheria za Mila la 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, linasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Atunzwe na watoto wake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mjane uhuru wa kukaa apendapo, na wa kuolewa na amtakaye au kutoolewa kabisa. Basi yuko huru kukaa popote, lakini si lazima apate pa kulima.

Wazee wa kanisa hualikwa katika vikao vya ukoo baada ya matanga, kwa kawaida ili waombe. Waombe, lakini wasikilize pia anayependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, na wakumbushe kwamba msimamizi si mmiliki: hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa, kisha hutoa hesabu mahakamani. Boazi alilimaliza jambo lake langoni, watu wakisikia. Naye Yesu, katika Marko 12:40, aliwataja kwa pamoja wanaokula nyumba za wajane na wanaosali sala ndefu. Walikuwa watu wale wale.

Jadilini darasani: Katika kikao cha mwisho cha ukoo ulichohudhuria, mjane aliketi wapi, na nani alimuuliza anataka nini? Kama mume na mke wa darasa hili wote wako hai, je, mke anajua hati ya shamba iko wapi na imeandikwa majina ya nani?