Ilimradi Asiulize Mtu kwa Nini

Mwaka 1947 UNESCO iliwaandikia wanafikra wa mataifa mbalimbali kuwauliza haki za binadamu zina msingi gani. Mahatma Gandhi alijibu kwa barua fupi: mama yake, asiyejua kusoma lakini mwenye hekima, ndiye aliyemfundisha kuwa haki huzaliwa na wajibu uliotimizwa. Wengine walitaja maumbile ya mwanadamu, wengine historia. Jacques Maritain, mwanafalsafa Mkatoliki aliyeongoza ujumbe wa Ufaransa kwenye mkutano wa shirika hilo Mexico City mwaka huohuo, alieleza jinsi watu wa itikadi zinazogombana walivyoafikiana juu ya haki zenyewe, ilimradi asiulize mtu kwa nini.

Mwaka uliofuata Tamko la Haki za Binadamu likapita kwa kura 48. Hakuna aliyelipinga, nchi 8 zilijizuia.

Je, kuafikiana bila kuulizana sababu ni busara au ni kulikwepa swali? Pwani ya Kenya kuna mahali pa kulipimia. Makaya ya Wamijikenda, misitu iliyotapakaa kwa kilomita 200 hivi, yaliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mzee wa kaya hakati mti kwa sababu humo wamo koma, mizimu ya wahenga, na fingo, hirizi iliyozikwa kuilinda kaya. Mtaalamu wa mimea naye hataki ukatwe, kwa kuwa msitu wa pwani umebaki vipande vipande. Waislamu na Wakristo wa vijiji vya jirani wana sababu zao. Mti umesimama, na hakuna aliyelazimishwa kubadili imani.

Hapo Maritain anashinda, lakini nusu tu. Siku mtaalamu akigundua kwamba msitu wa aina hiyo umejaa kwingine, hoja yake inalegea. Ya mzee haiguswi. Sababu ndiyo inayoamua nani atabaki kazini mambo yakiwa magumu. Na jambo ambalo wengi hawalijui: makaya hayakuorodheshwa kwa ajili ya mimea yake. Vigezo vyote vitatu vilivyotumika ni vya utamaduni, yaani sababu ya mzee ndiyo iliyopokelewa.

Basi tume za taifa za UNESCO, Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko, zinapoandaa faili la urithi mwingine, ziwaulize wenyewe kwa nini wanautunza, na jibu lao liandikwe kama walivyolisema, hata likimshangaza msomaji wa UNESCO kule Paris.